Vigingi Vyeupe

Mimi ni seremala. Mti ninaoujua vizuri ni ule uliokwisha kukatwa, ukapasuliwa, ukakaushwa na kuegemezwa ukutani. Ukinipa mti wenye majani na mizizi sijui niushike wapi. Sisemi hivyo kwa kujitetea. Utetezi wangu niliumaliza zamani na haukunisaidia kitu. Nasema ili ujue ni mtu wa aina gani aliyekabidhiwa bustani ya dada yangu.

Huyo dada ndiye ninayetaka kumsimulia. Mtaani wanamwita Mama Vipimo, na jina limemkaa sawasawa. Kwa miaka thelathini na moja amefanya kazi kwenye maabara ya chuo. Si mhadhiri wala si daktari. Ni yule mtu anayeosha chupa, anayechanganya dawa za kupimia, anayewasha mashine asubuhi na kujua ipi inadanganya na ipi inasema kweli. Wasomi wamepita mikononi mwake, wakapata vyeo, wengine wakarudi kumsalimia wakiwa na vitambi, na yeye yuko palepale na koti lake jeupe lenye doa la wino mfukoni. Majina yao yako kwenye vitabu. Lake, ukibahatika, utalikuta mwisho kabisa kwenye mstari wa shukrani, jirani na mlinzi wa geti.

Hata nyumbani hawezi kuacha kupima. Chumvi ya mboga anaisawazisha kwenye kijiko kwa mgongo wa kisu. Ametuzidi sote kwa hilo. Nilipokuwa mdogo, mama akiwa kazini kutwa, dada ndiye aliyenilea, ingawa alinipita miaka tisa tu. Kila mwanzo wa mwezi alinisimamisha kwenye mwimo wa mlango, akaniambia nisijinyooshe kwa hila, akachora mstari juu ya kichwa changu. Shule iliponishinda, yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi seremala mmoja mwenye sifa ya ukali. Akamwambia, "Huyu vitabu haviwezi, lakini ana macho. Kitu kikipinda ataona." Fundi akanichukua. Mkate wote niliokula tangu siku ile umetokana na maneno hayo.

Sasa, miaka michache iliyopita dada alishikwa na rozela. Rozela unaijua: ule mmea ambao maua yake mekundu, yale manenemanene yanayozunguka mbegu, hukaushwa na kuchemshwa, ukapata kinywaji chekundu kichachu. Watu husema kinashusha presha. Dada yangu hakuwahi kusema hivyo hata siku moja. Yeye alisema, "Tupime kwanza." Kichwani mwake kulikuwa na swali moja tu: je, mrozela uliokaa na kiu hutengeneza rangi nzito kuliko ule ulioshiba maji? Maana watu wa dawa na watu wa lishe, alinieleza, wanachokitafuta kwenye rozela kimo kwenye ile rangi. Akapanda kwenye kibustani nyuma ya maabara, matuta yasiyozidi urefu wa kitanda, mengine akayapa maji na mengine akayabania. Msimu ulipoisha akakausha maua, akayaloweka, akayapitisha kwenye mashine ya kupima rangi. Yale ya kiu yalikuwa mazito. Si kidogo, mazito hasa.

Mkuu wa idara akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Akamwambia msimu mmoja hautoshi. Arudie mahali pengine, kwenye udongo mwingine, na ikitoka hivyohivyo wataiandika, na safari hii jina lake litatangulia. Dada alikuja kunipa habari hizo akiwa anatembea haraka kama msichana. Jioni ile alitupikia na kusahau kupima chumvi. Tulikula hivyohivyo, ingawa chakula kilikuwa hakiliki, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Wiki mbili baadaye chuo kilimwaga kokoto juu ya kibustani, kikachora mistari myeupe, yakawa maegesho ya magari.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta ardhi. Nasema ardhi, lakini alichotaka ni kipande cha hatua kumi na mbili kwa nane, chenye jua, karibu na bomba, na mtu wa kukitupia jicho. Ungedhani ameomba shamba la urithi. Alikwenda hospitali kuuliza ule uwanja wa nyuma ya chumba cha kufulia. Muuguzi mkuu akamwambia pametengwa kwa jengo jipya; dada akachungulia, akaona tangi lenye kutu na paka wawili, na hao paka walionekana kuishi pale miaka mingi. Alikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alikubali kwa furaha, akasema wanafunzi wenye makosa watapalilia kama adhabu. Dada akaona mche unaopaliliwa kwa hasira hautamaliza mwezi, akaaga. Mwenye bekari alimpa paa lake la zege. Dada alipandisha udongo kwa ngazi, mfuko kwa mfuko, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, akapanda, na kumbe chini ya paa ndipo palipo na tanuri. Mbegu ziliiva badala ya kuota. Ofisi ya mtaa walimzungusha njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka karani mmoja alipoamua kumsaidia, akaichukua picha ya majani, akaigeuza juu chini, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, una uhakika hii siyo bangi?"

Miezi mitano alizunguka hivyo. Na kila Jumamosi alipitia kwenye karakana yangu, akakaa kwenye benchi, akavua viatu na kuvigonga vumbi, akanieleza safari hii amekataliwa wapi. Anajua kusimulia, dada. Alimwigiza yule karani mpaka nikaangusha randa. Nilicheka, nikampa chai, nikasema, "Pole sana, dada. Utapata tu."

Na nyuma ya ukuta niliokuwa nimeuegemea kulikuwa na uwanja wangu mtupu. Hatua kumi na tano kwa kumi. Jua kutwa nzima. Bomba kwenye kona.

Nimeshajiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nilikuwa na mpango wa kujenga banda la mashine ya kuranda pale nyuma. Mpango huo ulikuwa na miaka kumi na moja, na kilichokuwa kimejengwa mpaka wakati ule ni lundo la vipande vya mbao na bati tatu. Lakini ulikuwa uwanja wangu, na mtu aliyelelewa na mwenzake huwa na vitu vichache ambavyo ni vyake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu, na haipendezi. Dada hakuniomba. Alijua uwanja upo, alikuwa akiuvuka kila akienda chooni. Alikuwa akinisubiri niseme, nami nilikuwa nikisubiri asiseme, na tukanywa chai.

Mke wangu ndiye aliyeharibu mchezo. Jumamosi moja aliweka sinia mezani, akasimama mikono kiunoni.

"Wifi, kwani huo uwanja wa nyuma una kasoro gani?"

"Mdogo wangu anautumia," dada akajibu upesi, akinifichia aibu.

"Anautumia kufugia mijusi," mke wangu akasema, akarudi ndani.

Kesho yake nilianza kazi. Nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Nilijenga fremu ya mbao kutoka ukuta hadi ukuta nikaitandika nailoni inayopitisha jua, ili mvua isije ikaharibu hesabu za dada. Nikachimba matuta manane, na kati ya tuta na tuta nikafukia kipande cha bati kwenda chini kiasi cha mkono, maji ya huku yasije yakapenya kwenda kule. Nikachonga vigingi vinane, vinne nikavipaka rangi ya bluu na vinne nyeupe, vikapokezana, bluu, nyeupe, bluu, nyeupe. Dada alipoviona alivipitisha vidole juu yake. Nilikuwa nimevipiga msasa hadi vimelainika kama vijiko. Kigingi cha kuchomekwa kwenye udongo hakihitaji msasa. Mimi nilihitaji.

Akanipa masharti. Matuta ya bluu yatapata maji kila jioni, atakuja kuyamwagilia mwenyewe akitoka kazini. Meupe yatapata mara moja tu kila siku ya tisa, kipimo kilekile, naye mwenyewe.

"Wewe kazi yako ni geti. Mbuzi wasiingie. Basi."

"Nisiguse kabisa?"

"Usiguse kabisa, mdogo wangu. Hata ukiona inakufa."

Nikaitikia. Mwezi wa kwanza haukuwa na shida, miche yote ilikuwa mifupi na haina la kusema. Wiki ya sita, au ya saba, ndipo ilipoanza kuachana. Ya bluu ilisimama kifuani, imejaa majani. Ya vigingi vyeupe ilibaki magotini, na ikifika saa sita mchana majani yake yalilala chini kama nguo zilizoanguka kambani.

Sasa karakana yangu iko kwenye kona ya njia mbili, na geti la uwanja nililitengeneza kwa fito zenye nafasi, kila anayepita anaona ndani. Watu wakaanza. Jirani yangu muuza mkaa ndiye aliyefungua mlango. "Fundi, hii nusu imekukosea nini?" Nikamweleza habari za utafiti. Akatikisa kichwa kwa adabu, na kesho yake akaniuliza kama bomba limeharibika, maana anaweza kuniazima ndoo. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kitanda chake alisimama getini dakika nzima, akasema bila hata kunitazama, "Maji tu, jamani. Mtu anakuwa mchoyo wa maji." Mteja mwingine alisema asiyeweza kutunza mche ataziwezaje mbao zake. Alikuwa anatania. Nilicheka naye, na baadaye nilikata ubao mfupi kwa sentimita mbili, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa mwanafunzi.

Asubuhi moja, kabla sijafungua karakana, nilichukua kopo la rangi, nikalitoboa chini kwa msumari, nikalijaza maji ya lile bomba la kwenye kona. Nikapita kwenye matuta meupe, yote manne. Maji yaliingia ardhini kwa sauti ndogo, na nikajisikia mtu mwema. Lazima niliseme hilo. Nilijisikia mwema kuliko nilivyowahi kujisikia kwa miezi mingi.

Kisha nikaona udongo umekuwa mweusi, na dada angeuona jioni. Fundi seremala anajua kuficha. Ubao ukipasuka unachanganya gundi na vumbi la mbao, unajaza ufa, unapiga msasa, na mteja anausifu. Nilichukua udongo mkavu wa kando ya ukuta, nikautandaza juu kwa mkono, nikaulaza vizuri. Hata mimi nisingejua.

Nilirudia. Si kila siku. Pengine mara tatu kwa wiki, pengine nne. Nilijenga paa la kuzuia mvua, halafu mimi mwenyewe nikawa mvua. Nilijiambia ni huruma, nikalishika hilo neno kwa muda mrefu kwa sababu ni neno zuri. Ukweli ni kwamba majani yaliposimama, watu waliacha kusimama getini. Nilikuwa naona haya mbele ya muuza mkaa, basi. Kwa ajili ya muuza mkaa nilimharibia dada yangu kazi ya miaka miwili.

Yeye aliona. Asingeweza kutoona, Mama Vipimo. Jioni moja alichuchumaa kwenye tuta jeupe, akapima urefu kwa tepu yangu, akapima tena.

"Inavumilia kuliko nilivyotegemea," alisema. "Ajabu. Au ni udongo wako?"

"Labda udongo," nikasema. Nikaenda kukaza jiriwa, ile ya kubania mbao, ambayo haikuwa imelegea.

Maua yalipokomaa tuliyavuna pamoja, tukayakausha kwenye chaga nilizotengeneza, kila tuta na chaga yake, na alama yake. Akayabeba kwenda maabara. Alhamisi moja, saa tisa alasiri, saa ambayo huwa hatoki kazini, alikuja akakaa kwenye benchi na hakuvua viatu.

"Hakuna tofauti," alisema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Bluu na nyeupe, mstari mmoja."

Nikasema labda ule msimu wa kwanza ulikuwa bahati tu. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyejibu hesabu ya mwenzake.

"Hapana. Bahati haileti tofauti kubwa kiasi kile. Nilipima vibaya mara ya kwanza, ndiyo maana yake. Niliona nilichotaka kuona. Macho yangu yamechoka, mdogo wangu, na mimi sikujua."

Nilifungua mdomo. Hapo akaingia mteja kuulizia meza yake. Ningependa kumlaumu huyo mteja, lakini alikaa robo saa tu akaondoka, na dada alikuwa bado pale kwenye benchi, na mimi bado sikusema.

Akaandika barua kwa mkuu wa idara kuyaondoa matokeo ya kwanza. Akaandika nyingine kuomba ahamishiwe stoo ya vifaa, akae huko mpaka atakapostaafu, mwaka na nusu uliokuwa umebaki. Walimkubalia, wakamfanyia na kikao kidogo cha kumshukuru. Nyumbani kwetu, siku za kuja kutupikia, alianza kumkabidhi mke wangu kijiko cha chumvi. "Weka wewe, wifi." Mke wangu alidhani ni heshima. Mimi nilijua ni nini, na nilikuwa nakula chakula hicho nikiangalia sahani.

Miezi minane nilikaa hivyo. Uwanja ukarudi kuwa wa mijusi. Kila nikipanga kusema nilikuta sababu ya kungoja: leo amechoka, leo yupo mke wangu, leo anaonekana ana furaha kidogo, nimharibie ya nini. Tena nilijifariji kwamba rozela ni rozela, dunia haitasimama kwa ajili ya maua. Ni kweli dunia haikusimama. Aliyesimama ni dada.

Ndipo chuo kikaniita kurekebisha rafu za stoo. Nilifika nikamkuta kwenye meza ndogo kati ya makabati, amevaa miwani mipya yenye kamba shingoni. Tukasalimiana, nikaanza kazi. Nina tabia ya kuweka skrubu mdomoni nikiwa nafunga rafu, nne au tano kwa mpigo. Dada amenigombeza kwa hilo tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Nikiwa juu ya ngazi, akaingia binti wa maabara, mgeni kazini, anataka kupimiwa dawa fulani. Dada akamimina kwenye chupa ya kupimia, taratibu, mkono umetulia kabisa, akaishusha mezani, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari. Kisha akajitoa.

"Nisomee hapo imegusa wapi."

"Mia mbili na hamsini, mama."

"Ndivyo nilivyoona na mimi," dada akasema. "Lakini andika ulivyoona wewe."

Binti akaandika, akashukuru, akatoka. Dada akaanza kufuta meza, ingawa hakukuwa na kilichomwagika.

Nilishuka ngazi. Nikazitoa skrubu mdomoni moja moja, nikazipanga juu ya rafu, zilikuwa tano.

"Nilimwagilia," nikasema.

"Ulimwagilia nini?"

"Yale meupe. Nilikuwa namwagilia yale matuta meupe, dada. Asubuhi, ukiwa hujaja. Nikafunika juu na udongo mkavu usione."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa makelele, hata kwa kofi. Nilikuwa nayastahili yote mawili. Alichofanya ni kuvuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akavaa miwani.

"Matuta gani?"

"Yote manne."

"Kuanzia tarehe ngapi?"

"Wiki ya sita, nadhani. Au ya saba."

"Sita au saba?"

"Sijui."

"Kwa wiki mara ngapi?"

"Tatu. Nyingine nne. Kuna wiki nilisafiri."

"Kiasi gani kila tuta?"

"Kopo. Kopo la rangi. Wakati mwingine nilikuwa naongeza kidogo kwa lile la mwisho, lilikuwa limelegea zaidi."

"Kopo la lita ngapi?"

Sikujua. Nililitupa siku ya mavuno.

Kalamu ilibaki juu ya karatasi. Alikuwa ameandika tarehe ya siku ile na neno moja, "Maji", na chini yake hakuna kitu. Alifunga daftari.

"Ungejua kiasi, ningeweza kuokoa hata robo," alisema. "Hata kosa lenyewe hukulipima."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono.

"Miezi minane niko humu ndani. Nimejificha kwenye makabati nikidhani nimezeeka. Nimekwenda kwa daktari wa macho mara mbili, akaniambia macho ni mazima, nikamwona muongo." Akaisogeza kalamu kando ya daftari. "Ulikuwa unaniona, fundi. Kila Jumamosi."

Aliniita fundi. Hajawahi kuniita hivyo, tangu nizaliwe. Akanambia nimalize rafu nikaende nyumbani.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Mke wangu aliponibana nilimweleza yote, na yeye naye akaninyamazia siku nne, kwa hiyo nikawa nakaa karakana kutwa nikizungumza na mbao. Jumamosi ya nne niliona viatu vyake mlangoni kabla sijamwona mwenyewe. Hakukaa.

"Bado unao uwanja?"

"Upo, dada."

"Nimebakiza miezi kumi kustaafu. Mashine wataniachia mpaka siku ya mwisho, nimeongea na mkuu. Nimemwambia sababu." Akaona uso wangu. "Nimemwambia ni ndugu. Sikumwambia ni yupi, ingawa ninaye mmoja tu."

Nikamwambia tutafute mahali pengine, mbali na mimi, nitamzungukia mji mzima mimi mwenyewe. Akakataa. Mji mzima ameshauzunguka, alisema, na tena anataka udongo uleule, la sivyo hatajua kilichoharibika ni nini. Akaweka daftari jipya kwenye meza yangu ya kazi, juu ya vumbi la mbao.

"Kila siku utaandika. Umefanya nini kwenye matuta meupe. Ukimwagilia, andika umemwagilia, na kiasi. Sitakugombeza. Usipomwagilia, andika hujamwagilia. Siku isiyoandikwa ndiyo sitaisamehe."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Nimetandika upya nailoni, nimefukia upya bati, nimevirudisha vigingi mahali pake. Leo ni siku ya hamsini na tatu. Majani ya vigingi vyeupe yamelala chini tangu saa tano asubuhi, na mimi nimeyaona yakilala. Sikujua kwamba kutofanya kitu ni kazi ngumu kiasi hiki. Bomba liko kwenye kona, linadondoka, nami naogopa hata kwenda kulikaza, nisije nikajikuta nimeshika ndoo.

Mchana muuza mkaa alisimama getini.

"Fundi, yaani mwaka huu tena?"

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, ya utafiti na ya chuo na ya dada. Niliyaacha.

"Mwaka huu tena," nikasema. "Nainyima maji."

Akaniangalia kama mtu asiyejua kama acheke, akaenda zake. Nikatoa kalamu nyuma ya sikio, nikaandika: *Siku ya hamsini na tatu. Nimeonekana mchoyo. Sikumwagilia.*

Dada alikuja saa kumi na moja na nusu. Alisoma daftari amesimama, akafungua kurasa za nyuma, akarudi kwenye ya leo, akaisoma tena. Akamwagilia ya bluu. Kisha akachukua tepu yangu, akachuchumaa kwenye tuta jeupe la mwisho, lile nililokuwa nikiliongezea, akaunyoosha mmea kwa vidole viwili. Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani kwenye kamba yake.

"Arobaini na moja," akasema.

Niliinama nitazame tepu, kama alivyonizoesha msimu huu. Kila kipimo nimekuwa nikikisoma na mimi, kisha anaandika nilichokiona mimi. Safari hii aliirudisha tepu kwenye kasha lake kabla sijafika.

"Nimesema arobaini na moja. Andika."

Nikaandika.